Kufuli Niliyoweka kwenye Sidii za Matanga

Kwa miaka mingi hakuna jeneza lililoshushwa kwa heshima kati ya Migori na Homa Bay bila mimi kuwa karibu na kaburi kuliko mchungaji. Nasema kwa heshima, kwa sababu yapo yaliyoshushwa bila kamera, na wenyewe mpaka leo hawana cha kuonyesha wageni. Sasa nimefunga duka. Kamera iko juu ya kabati, magoti yangu hayataki tena kupanda meza za watu, na nyinyi vijana mnaopiga kila kitu kwa simu mmeniomba niwaambie kazi ilikuwaje. Nitawaambia. Habari za mshahara hamtazipata, kwa sababu sikuajiriwa na mtu, na vyeo vyote nilivyokuwa navyo nilijipa mwenyewe.

Shule niliacha darasa la sita. Ufundi niliupata Homa Bay kwa Mzee Salim, mfanyabiashara aliyetoka pwani zamani, akafungua duka la kuuza na kutengeneza redio, televisheni na deki za kaseti za video. Siku ya kwanza alinipa chupa ya spiriti na kitambaa cha pamba, akafungua deki, akanionyesha kile kichwa kidogo kinachosoma kaseti. "Hiki unakifuta kama unamfuta mtoto aliyelala," akasema. "Akiamka umeharibu." Mwezi mzima sikufanya kingine. Leo kijana akikaa siku tatu bila kushika kamera kubwa anasema ananyanyaswa.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ililetwa na mwalimu kutoka Magunga. Alinunua kaseti ya sinema Nairobi, halali, ina risiti, akataka nimnakilie moja ampe mama yake. Nikaunganisha deki mbili, nikaanza. Nakala ikawa inafifia, inang'aa, inafifia tena, kama mtu anayesinzia kwenye ibada. Nikasema ni stima. Nikabadilisha waya. Nikafungua deki ya pili, nikatoa mkanda wa mpira, nikatia mpya. Siku tatu nilitibu mashine zilizokuwa na afya kuliko mimi. Mzee Salim alikuwa anapita tu na kikombe chake cha kahawa, ananitazama.

Siku ya tatu akauliza, "Umefika wapi?"

"Bado, mzee. Nafikiri ni kichwa."

"Ni kichwa, lakini si cha deki. Hiyo kaseti haiumwi. Wenyewe walioitengeneza wameitia kitu ndani. Ukiitazama iko sawa, ukiinakili inajiharibu. Hiyo ni kufuli."

Mwalimu alikuwa amesimama pale pale. Akapandisha sauti. "Kufuli kwa nini? Nimenunua kwa pesa yangu, risiti hii hapa! Mama yangu ni mzee, hawezi kutoka Magunga kuja kutazama kwangu. Kosa langu nini?"

"Kosa lako, mwalimu, umefikiri umenunua kaseti. Umenunua ruhusa ya kuitazama."

"Basi wangeandika hivyo kwenye boksi!"

Aliondoka na hasira zake. Mimi nilicheka. Sikucheka kwa ubaya. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeona biashara.

Nilipofungua duka langu Migori, nilianza na harusi, lakini harusi ni chache na wenyewe wana maneno mengi. Matanga ndiyo yalinijenga. Na hapa niwape ufundi kidogo, kwa sababu naona mnavyosimama ovyo. Kaburini usisimame upande wenye lundo la udongo, utaingia ndani kabla ya marehemu, na mimi nimeshuhudia. Beba waya wako wa stima, usitegemee wa mwenye vyombo vya muziki. Watu wakila, zima kamera. Muulize mwongoza shughuli mapema nani atazungumza baada ya nani, kwa sababu kwetu hotuba ndizo mazishi yenyewe. Ndugu anasimama na kipaza sauti, jeneza liko hapo mbele, anasema huyu mtoto ni wetu, hili shamba ni la fulani, hii nyumba asiguse mtu. Neno lililosemwa hapo ni zito. Wapo watu walionilipa si kwa ajili ya marehemu bali kwa ajili ya hotuba moja.

Kaseti zikafa, sidii zikaja, nami nikanunua mashine ya kurekodi sidii, nzito, nyeusi, ya pekee Migori nzima. Nikaiita Askari. Kila ikimaliza kurekodi, Askari ilikuwa inaniuliza swali kwa Kizungu, ndiyo au hapana. Mimi na Kizungu tulikuwa tunasalimiana tu, hatukuwa tunakaa pamoja. Nikawa nabonyeza hapana, kwa sababu mtu asiyejua mkataba hatii sahihi. Wateja wakaanza kurudi: sidii haisomi nyumbani. Nikawaambia mashine zao ni feki. Miezi minne niliwaambia hivyo, na wengine walienda kununua mashine mpya, Mungu anisamehe.

Ndipo mteja mmoja aliyesoma akanieleza. Askari ilikuwa inauliza kama nataka kumalizia sidii. Ukisema ndiyo, inanguruma kama dakika kumi, halafu sidii inasoma kila mahali. Ukisema hapana, inasoma kwa Askari peke yake. Mtu mwingine angeona aibu. Mimi niliona kwamba bila kujua nimetengeneza kufuli yangu mwenyewe, kama wale wakubwa wa kaseti.

Tangu siku hiyo nilibonyeza hapana kwa makusudi. Familia ilipata sidii yao, nzuri, ina picha ya marehemu juu. Wakitaka kuitazama, wananikodi mimi na Askari, tunakuja nyumbani na televisheni. Mtu akilalamika, nilikuwa na jibu moja: "Umenunua sidii, hujanunua picha." Nilikuwa nimelirithi kwa Mzee Salim, nikaliona tamu. Na ili fundi mwingine asinichezee, niliingiza sauti yangu juu ya picha, kila baada ya dakika chache, nzito kama ya mtu wa redio: "Picha hii ni mali ya Jakton Video, Migori. Usinakili. Ukinakili, utaona." Utaona nini sikusema. Niliacha mtu ajaze mwenyewe.

Fundi mwingine ninayemsema ni Eliya wa Homa Bay, Msabato, mpole, mwenye duka dogo karibu na soko. Nilisikia anajaribu kunakili kazi zangu, nikamwita mwizi mbele ya watu. Akanijibu, "Asante, ndugu," akaendelea kula chungwa lake. Nikajua nimemshinda.

Sasa nifike kwa Nyar Takawiri. Jina hilo ni la alikotoka, kisiwani, lakini aliolewa Uriri, na mume wake alipofariki mimi ndiye niliyerekodi. Mazishi makubwa. Shemeji yake, Odongo, ndugu mkubwa wa marehemu, alisimama na kipaza sauti akatangaza kwamba ile ploti ya barabarani yenye poshomili ya kusaga mahindi ni ya mjane na watoto wake, na shahidi ni Mungu na kamera. Watu walipiga makofi. Nami kwa kamera nilimvuta karibu mpaka jasho la pua lilionekana. Kazi safi.

Baada ya miaka miwili, siku moja ya Ijumaa, saa nne asubuhi, Nyar Takawiri aliingia dukani kwangu na sidii imefungwa kwenye leso.

"Jakton."

"Naam, mama."

"Odongo amepata mtu wa kununua ploti. Namuuliza, anasema hakuniachia kitu, yeye alisema nikae tu mpaka watoto wakue kidogo. Jumatatu tunaitwa kwa naibu wa chifu."

"Na watu waliokuwepo? Si walikuwa mamia?"

"Nimewauliza. Kila mtu anasema wakati huo alikuwa kwenye foleni ya chakula." Akaniwekea sidii mezani. "Wanamwogopa. Odongo mwenyewe anasema, kama nilisema, alete video. Basi nimeleta. Nataka ile siku iseme yenyewe. Nikikosa ile poshomili, watoto wangu wanatoka shule."

Nikamwambia hiyo ni kazi ya dakika tano, na nikainuka. Nikiwa katikati ya duka nikakumbuka. Askari ilikuwa imepigwa na radi wiki mbili zilizopita. Mnajua radi za huku. Nilikuwa sijamwambia mtu, kwa sababu ya jina la duka.

Nikaweka sidii kwenye mashine ya kawaida. Ikazunguka, ikaandika kwamba hakuna sidii. Nikaweka kwenye ya pili. Hakuna sidii. Ya tatu, hivyo hivyo.

"Inasema nini?" akauliza.

"Inasema hakuna sidii."

"Na mimi naiona."

"Hata mimi naiona, mama."

"Basi hapa kipofu ni nani?"

"Ni kufuli."

"Kufuli ya nani?"

Nikajifanya natafuta bisibisi. Akasubiri. Yule mama anajua kusubiri.

"Yangu," nikasema.

"Ifungue."

"Ufunguo umepigwa na radi."

"Na ile kanda ya kwenye kamera?"

Ile kanda nilikuwa nimerekodi juu yake harusi ya Magunga. Ilibidi nimwambie. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi, akakunja leso mara nne, taratibu.

"Jakton, nikuulize. Mume alikuwa wa nani?"

"Wako."

"Ng'ombe aliyechinjwa?"

"Wako."

"Aliyelia mpaka akaanguka kwenye migomba, ukanivuta na hiyo kamera yako?"

"Ni wewe, mama."

"Wewe ulileta nini pale?"

"Kamera."

"Na hiyo si nilikulipa?" Akasimama. "Jumapili jioni nitakuja kuchukua. Ikiwa haijafunguka, Jumatatu tutaenda pamoja, na wewe ndiye utamwambia naibu wa chifu kwamba kilio changu ni mali yako."

Katika miaka yangu yote ya kazi nimetukanwa na walevi, maharusi na padri mmoja. Hakuna lililonikaa kama hilo. Yule mwalimu wa Magunga na risiti yake alinirudia kichwani, na safari hii sikucheka.

Saa ile ile nikaanza kupiga simu, kila fundi ninayemjua, nikiuliza mashine kama Askari. Jibu lilikuwa moja: iko moja tu, Homa Bay, kwa Eliya. Nikakata simu mara tatu kabla ya kukubali kwamba nimesikia.

Nilifika dukani kwake jua likiwa linakaribia ziwa, naye anafunga milango.

"Karibu, mwenye kufuli," akasema.

Nikamweleza yote, mbio mbio. Akasikiliza huku akikunja waya. Halafu akaangalia nje; jua lilikuwa limezama. "Sabato imeingia. Mashine siwashi."

"Eliya, ni dakika kumi!"

"Hata moja. Kesho jioni nina kikao cha kwaya. Jumapili asubuhi."

"Na mimi nilale wapi?"

"Kwangu. Lakini anayelala kwangu Ijumaa, Jumamosi haachwi nyumbani."

Mimi ni Mkatoliki, na hata huko hawanioni sana. Jumamosi ile nilikaa kanisani kwao tangu asubuhi, kiti cha mbele, katikati ya Eliya na mama mkwe wake, ambaye kila nikifumba macho alinigusa mbavu na kitabu cha nyimbo. Mhubiri akauliza kama kuna mgeni. Eliya akanisimamisha. "Huyu ni Jakton wa Migori, yule wa 'ukinakili, utaona'." Kanisa zima likasema, "Aaaah." Ndipo nilipoanza kushangaa. Watu wa Homa Bay wamelijulia wapi hilo neno langu vizuri hivyo?

Jumapili asubuhi nilijua. Eliya alifunua kitambaa cheupe, na chini yake kulikuwa na pacha wa Askari, anang'aa.

"Ulinunua lini?"

"Mwaka ule ule ulioanza kufunga. Nilinunua kwa ajili yako. Watu wako wote wenye mashine nyumbani walikuwa wakitoka kwako wanakuja hapa. Nawamalizia, wanaenda kutazama."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unaniita mwizi. Nikasema nikuache na furaha yako."

Miaka sita nilitembea kifua mbele nikilinda mlango huku watu wanaingilia dirishani. Mlitaka niwaambie ukweli wa kazi. Huo ndio, na mmoja unatosha.

Eliya hakutaka malipo. Alikuwa na spika mlangoni ya kuvutia wateja, na soko lilikuwa limejaa. Akanipa kipaza sauti. "Sema tu jina lako, na kwamba Eliya si mwizi. Basi."

Nikasema. Mama mmoja muuza omena akaniambia, "Rudia, spika ilikuwa inakoroma." Haikuwa inakoroma. Nikarudia.

Halafu tukaweka sidii, Eliya akabonyeza ndiyo, mashine ikaanza kunguruma. Tuliinama wote wawili, mashavu yakigusana karibu, kama wakunga. Ilipotulia akaihamishia kwenye mashine ya kawaida, na jeneza likatokea, linatoka nyumbani, picha safi kama jana. Sikungoja zaidi. Hapo nilikosea, na hili liandikeni: kazi itazame mpaka mwisho kabla hujaitoa. Mimi nilitazama jeneza nikakimbia.

Jumatatu ofisi ya naibu wa chifu ilijaa mpaka madirishani. Televisheni ililetwa kwa pikipiki, imefunikwa blanketi. Odongo alikuja na koti, amekaa miguu mbele, pamoja na yule mnunuzi wa ploti. Nyar Takawiri alikaa upande wa pili na watoto wake watatu wamevaa sare za shule.

"Haya, fundi," naibu wa chifu akasema. "Tupeleke kwenye hotuba."

Nikapeleka mbele. Odongo wa kwenye televisheni akatokea, mnene kidogo kuliko wa kwenye kiti, kipaza sauti mkononi. Akasema, kwa sauti ya kutetemeka: "Mimi Odongo, mbele ya jeneza la ndugu yangu, nasema ili kila mtu asikie. Hii ploti ya poshomili, kuanzia leo, ni ya—"

"PICHA HII NI MALI YA JAKTON VIDEO, MIGORI. USINAKILI. UKINAKILI, UTAONA."

"—na mtu yeyote asije kuleta maneno. Shahidi ni Mungu na kamera."

Mlishawahi kutamani kuwa nyinyi ndio mliopigwa na radi? Watu wa dirishani walicheka mpaka mmoja akaanguka. Naibu wa chifu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Rudisha." Nikarudisha. Sauti yangu ikaja tena, nzuri, nzito, imefunika jina lote. Odongo akanyoosha miguu zaidi.

"Mimi nilisema nini?" akawauliza watu. "Video yenyewe haina jina."

Nyar Takawiri akasimama. Nilidhani analia. Akajifunga leso kiunoni.

"Chifu, mimi sina neno. Nimesikia kwa masikio yangu. Shemeji ameigawa ploti mbele ya jeneza, na sauti imetaja mwenye mali. Ni Jakton Video wa Migori. Tusibishane na maiti." Akanisogelea pale kwenye televisheni. "Jakton, ukoo umekupa. Mabati ya kujengea utaleta lini?"

Nilikuwa nimefungua mdomo kusema hapana, mama, hilo lilikuwa tangazo tu. Akanikanyaga mguu. Alikuwa na viatu vya ngozi.

"Jumatano," nikasema.

"Na mashine ya kusaga?"

"Hiyo nitaing'oa. Nataka kuweka studio."

Odongo akaruka kutoka kwenye kiti. "Jumatano gani! Wewe mtu wa kuchungulia makaburi! Ploti ya baba yetu nimpe mtu wa kamera? Nina wazimu? Nilisema ni ya Nyar Takawiri na watoto wa ndugu yangu, na hata wewe ulinisikia, ulikuwa umenitia hicho kioo cha kamera puani!"

Yule mnunuzi akachukua kofia yake, akatoka polepole, kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu jikoni. Naibu wa chifu akavuta karatasi, akafungua kalamu.

"Odongo, rudia hapo mwisho. Taratibu, niandike."

Ploti ikaandikwa. Odongo akatia sahihi, kalamu ikatoboa karatasi. Mimi nilisimulia Migori kwamba video yangu ndiyo iliyoshinda kesi, na kama kuna anayesema ni mama yule na viatu vyake, sijambishia sana. Wiki iliyofuata nilimleta Eliya na mashine yake dukani kwangu, tukatangaza: kila mwenye sidii yangu ailete, inafunguliwa bure, na akitaka kunakili anakili mpaka achoke. Walikuja wakiwa wamezibeba kwenye mifuko ya sukari, ndani ya Biblia, mmoja kwenye sufuria. Wengine walikuwa hawajamwona mtu wao tangu siku ya kuzikwa. Nilibonyeza ndiyo mpaka kidole kikafanya sugu. Sauti yangu sikuweza kuitoa, na kwa hilo naomba radhi nyumba nyingi.

Siku ya mwisho, saa tisa hivi, aliingia Odongo. Hakusalimia.

"Na mimi nina haki ya ile sidii au ni ya mwanamke peke yake?"

"Unayo. Alikuwa ndugu yako."

"Nataka nione kama kweli nilisema."

Nikamwekea, nikampa kiti. Aliipita hotuba yake bila kutikisika; hata sauti yangu ilipoingia hakucheka. Lakini baada ya hotuba kuna sehemu fupi, ambayo hata mimi nilikuwa nimeisahau, watu wanapanga viti, na Odongo amesimama peke yake kando ya jeneza. Anapangusa vumbi juu ya kioo cha jeneza kwa mkono wa shati, anainama, anasema kitu kwa ndugu yake ambacho kipaza sauti hakikupata.

"Pale," akasema. "Rudisha pale."

Nikarudisha. Akasogeza kiti mbele.

"Tena, omera." Kwetu omera ni ndugu.

Nilirudisha mara nne. Mara ya tano nilimpa rimoti, nikatoka nje.